Miaka Yangu ya Kutega Maneno

Neema na wenzake wa chumba cha kompyuta waliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya kazi kabla yao. Mwanzoni nilidhani wananitania, kwa sababu nilipokuwa bado nao, nikisema tu "zamani" walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Sasa nina miezi mitatu tangu nistaafu. Nimerudi Lusu kwenye nyumba aliyotuachia mama, nimemwagilia mchicha, nimefagia uwanja, na kumbe bado ni saa tatu asubuhi. Basi naandika.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Nilipandishwa cheo mara kadhaa, na kila mara nilirudi kukaa kwenye kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ile ya kubadilisha maneno ndani ya programu, ambayo wengi hawajui kama ni kazi, na juu ya mtu aliyenifundisha.

Hospitali yetu ya pale Tabora mjini naiacha bila jina. Waliofanya kazi pale wanaijua. Niliingia siku ya Jumatatu nikiwa na cheti cha kupiga chapa nilichokipata Nzega, nikaambiwa kazi yangu itakuwa kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kompyuta sikuwahi kuigusa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka, bado kilinuka sabuni ya mche, na ndani yake kulikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa khanga kuukuu kama watoto waliolala.

Mtu aliyekuwa mle ndani ni Shabani. Wakati ule alikuwa hajawa mzee, lakini kila mtu alimwita Mzee Shabani. Alikuwa mtoto wa fundi saa wa mtaa wa Ng'ambo, palepale Tabora, amekulia kwenye meza ya baba yake akifungua vitu na kuvifunga. Alianza na saa, akaenda kwenye redio, kisha mashine za kupigia chapa za hospitali. Kompyuta zilipoletwa hakuna mwingine aliyethubutu kuzifungua, kwa hiyo zikawa zake. Alijifunza kuandika programu kwa kusoma vitabu vinene vilivyokosa majalada, na programu yote ya hospitali, kuanzia kadi za wagonjwa hadi orodha ya wachangiaji damu, aliiandika peke yake.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniambia nisubiri kidogo, anatafuta nukta. Nilisubiri karibu saa nzima. Alipoipata alinivuta nikaione, akanionyesha kwa furaha nukta moja iliyokaa mahali pa mkato. Nilifikiri nimeletwa kwa mgonjwa aliyetoroka wodini.

Sasa niwaeleze wale ambao si wa kazi hii. Programu ni maandishi. Kuna mafaili mengi yenye mistari maelfu inayoiambia kompyuta ifanye nini, na maandishi hayo ndiyo tunayoyaita msimbo. Ukitaka kubadilisha neno moja lililotapakaa kwenye mafaili yote, huwezi kulitafuta kwa macho. Na mara nyingi hutafuti neno moja, bali aina fulani ya maneno. Ukitaka namba yoyote ya kadi, huorodheshi namba zote za hospitali, unaandika alama chache zinazosema: nitafutie tarakimu nne zilizofuatana. Alama hizo vijana wanaziita ruwaza. Mzee Shabani aliziita mitego, kwa sababu utotoni alikuwa akienda likizo kwa bibi yake Tura, karibu na stesheni, na huko alishinda porini akitega kwale. Alisema mtego hauna akili, akili ni ya mtegaji.

Mtego wangu wa kwanza niliutega kijijini kwetu. Ofisi iliagiza kwamba wagonjwa wote wanaotoka Lusu waandikwe kwa jina la wilaya, yaani Nzega. Siku zile majina ya vijiji na ya wafanyakazi yalikuwa ndani ya msimbo wenyewe. Nikaona mzaliwa wa Lusu ndiye mwenye haki ya kuifuta Lusu, nikaamuru kila "Lusu" iwe "Nzega", nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mlangoni alikuwa amesimama muuguzi mmoja mtu wa Mbeya, Sista Lusubilo, na mkononi ana orodha ya zamu iliyotoka kwenye printa. Imeandikwa "Sista Nzegabilo". Aliuliza kwa upole ni padri gani aliyembatiza upya. Mzee Shabani aliomba radhi, akamsindikiza hadi kwenye kona, akarudi na kucheka hadi akavua miwani. Kisha akanifundisha ukingo wa neno, yaani alama mbili zinazouambia mtego kwamba neno linaanzia hapa na kuishia pale. Sista Lusubilo naye aliendelea kuniita Nzega hadi alipohama.

Kosa lile lilikuwa la kuchekwa. La pili halikuwa hivyo, na nimelibeba hadi leo.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Hospitali ilipata kompyuta mpya na lugha mpya ya programu, ikabidi msimbo wote wa zamani uhamishwe. Tatizo lilikuwa vistari. Mzee Shabani alizoea kuunganisha maneno kwa kistari, "kundi-damu", "namba-kadi", lakini lugha mpya ilikiona kistari kuwa alama ya kutoa, ikawa inajaribu kutoa damu kwenye kundi. Dawa yake ni kuweka mstari wa chini mahali pa kistari. Yeye alikuwa amesafiri kwenda Kigoma kwenye msiba, nami nilitaka akirudi akute nimemaliza. Nikategea kila kistari kilichotanguliwa na herufi. Mafaili yote yalibadilika kwa muda wa kukohoa mara moja. Programu ikawaka. Nilitembea siku mbili kama mtu aliyejenga daraja.

Nilichosahau ni makundi ya damu. Katika msimbo, damu hasi iliandikwa kwa herufi na kistari. O hasi ilikuwa O na kistari, basi. Programu ilikuwa inaangalia hicho tu. Ikikiona, damu ni hasi. Isipokiona, ni chanya. Nami nilikuwa nimevifagia vyote.

Siku ya tatu, mchana, aliletwa mama kutoka Goweko aliyejifungua njiani na kupoteza damu nyingi. Aliitwa Kabula, mke wa mkulima wa tumbaku. Maabara walimpima, O hasi. Karani akaiuliza programu ni nani wa kumchangia, nayo kwa kukosa kistari ikamhesabu mama yule kuwa chanya, ikatoa majina manne, na wa kwanza kupatikana akaja mbio na kutoa damu. Bi Zuhura wa maabara alikuwa mtu asiyeamini karatasi ya mtu mwingine. Kabla ya chupa ile kwenda wodini aliipima mwenyewe. Ilikuwa O chanya, damu ambayo mwili wa mwenye O hasi unaweza kuikataa hadi kufa. Akampima na wa pili, chanya. Akaja chumbani kwetu, hakupaza sauti, akaniuliza hayo majina nimeyatoa wapi.

Mzee Shabani alikuwa amefika asubuhi ile kwa treni na begi lake lilikuwa bado mlangoni. Aliangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akaelewa kabla sijasema. Hakuanza kutafuta kosa. Alifumba macho, akawa anataja kwa sauti ndogo majina ya watu, kwa sababu wachangiaji wote alikuwa amewaingiza kwa mikono yake mwenyewe. Wa O hasi aliowaandika pale mjini walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amehama, mmoja mjamzito. Wa tatu alikuwa seremala, Mmoraviani wa mtaa wa Cheyo. Mzee Shabani, akiwa bado na suti yake ya msibani, akachukua baiskeli ya mlinzi, akatoka.

Sijui alikawia kiasi gani. Mimi nilisimama kwenye korido ya wodi ya wazazi, nikawa nawasikia wauguzi wakipita na kurudi. Mume wa yule mama alikuwa amekaa chini, amempakata mtoto mchanga kwenye kitenge, akaniuliza kama damu imepatikana. Nikamwambia inakuja. Aliniamini, akanishukuru. Hadi leo natamani asingenishukuru.

Seremala alikuja, mikono imejaa vumbi la mbao. Mama Kabula akapona. Mtoto naye alikuwa salama.

Daktari mkuu alipouliza ni nani aliyeharibu programu, Mzee Shabani alijibu kwamba ni idara. Idara ilikuwa yeye na mimi. Tulipobaki wawili nilimwambia nitaandika barua ya kuacha kazi. Alisema barua naweza kuiandika wakati wowote, mimi ni mpiga chapa, lakini kwanza niende wodini nikamwambia yule mama.

"Nikamwambie nini, Mzee?"

"Ulichofanya. Habari hiyo ni yake."

Nilikwenda siku ya pili yake. Nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani, mwangaluka, akaitikia, akanisogezea miguu nikae kitandani. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama sita hivi. Nilimweleza kadiri nilivyoweza, kwamba kuna mashine inayotunza majina ya watu wa kutoa damu, na kwamba ndani yake kulikuwa na kistari kinachotenganisha damu yake na damu ya watu wengine, nami nilikifuta bila kujua. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza hicho kistari kina ukubwa gani. Nilimwonyesha ncha ya ukucha wangu.

Aliutazama ukucha.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakufa kwa kitu kama hicho," alisema. "Sasa, mdogo wangu, kitu kikubwa namna hiyo mlikiandikaje kidogo namna hiyo? Kiandikeni kikubwa."

Hakuwa ananitukana. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu anavyoshangaa mlango wa ghala kufungwa kwa uzi. Nilirudi nikamwambia Mzee Shabani neno kwa neno. Alisema huyo mama ametuzidi akili sote wawili, na kwamba yeye miaka yote alikuwa akijivuna kwa kuandika kwa ufupi. Wiki ile tulipita kwenye mafaili yote tukaandika HASI na CHANYA kwa herufi kubwa. Vistari vilivyobaki, vile vya kuunganisha maneno, tulivitegea upya: herufi upande huu, kistari, herufi upande ule. Mtego niliuandika kwanza kwenye karatasi. Tuliujaribu kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe, tukachapisha ya zamani na mpya, tukazilaza mezani na kusoma mstari kwa mstari kwa rula. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote iliyofuata, na hivyo ndivyo ninavyowaomba mfanye, hata mkiniona mshamba. Barua ya kuacha kazi sikuiandika.

Nikiulizwa ni nini ninachokikumbuka zaidi, sitaji siku ile. Nakumbuka siku ambazo hakukuwa na jambo. Asubuhi za kiangazi, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kibodi, Mzee Shabani anapuliza kitufe kimoja kimoja kama anayepuliza uji. Tunaandikiana mitego kwenye mgongo wa karatasi za zamani na kupimana: yeye ananiandikia alama kumi, mimi natakiwa niseme zitanasa nini na zitaacha nini. Akinishinda alikuwa anaimba kidogo. Nikimshinda anasema chai imepoa. Zilikuwa siku nyingi mno na nilizipita kama mtu anayepita stesheni ndogo, bila kuchungulia dirishani. Ningepewa moja tu niirudie, ningechagua yoyote.

Alistaafu macho yakiwa yameanza kumsumbua. Presha ya macho, walisema, na ilikuwa imechelewa kugunduliwa. Baada ya miaka michache hakuona tena. Nilikuwa nikimtembelea Ng'ambo sikukuu hadi sikukuu, kisha, kama ilivyo kawaida ya watu wenye shughuli, nikawa natuma salamu.

Mwaka wangu wa mwisho hospitali iliamua kukabidhi programu yetu kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, waiendeleze wao. Wakaleta masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba maelezo yote ya zamani yaondolewe kwenye msimbo. Maelezo ni mistari ambayo kompyuta hairuhusiwi kuisoma. Inafungwa kwa alama mwanzo na mwisho, na mashine inairuka. Ni binadamu anamwandikia binadamu mwenzake atakayekuja baadaye. Walisema yetu ni mengi, ni ya Kiswahili cha mitaani, na mengine hayahusu kazi. Ilikuwa kweli.

Neema alipewa shughuli hiyo. Alitega alama ya mwanzo, kitu chochote katikati, na alama ya mwisho. Kwenye nakala ya majaribio mtego ukameza nusu ya programu. Alinifuata akiwa amepauka. Nikamweleza kwamba nyota, ile alama ya kurudia, ni mlafi. Ukiiambia imeze hadi alama ya mwisho, haiishii kwenye ya kwanza inayoikuta. Inakwenda hadi ya mwisho kabisa kwenye faili, na kila kilicho katikati kinaliwa. Uiwekee alama ya kuuliza nyuma yake, itashiba mapema. Aliniuliza nani alinifundisha maneno hayo. Ndipo nilipoona kwamba mtu wanayetaka kumfuta hawamjui.

Nikamwomba Neema wiki chache. Mtego uleule unaofuta unaweza pia kukusanya, kwa hiyo nilikusanya maelezo yote ya Mzee Shabani nikayachapisha. Zilikuwa kurasa nyingi. Jumapili nikazibeba hadi Ng'ambo.

Nilimkuta barazani kwenye mkeka. Nilimwambia nimekuja kufanya nini, akacheka, akamwita mkewe, Bi Mwanaidi, alete kahawa. Nilisoma jioni nne za Jumapili. Moja lilisema: "Usiguse hapa. Mimi niligusa nikajuta." Jingine: "Mstari huu sijui kwa nini unafanya kazi. Ukijua, njoo Ng'ambo unieleze." Jingine lilisema tu kwamba leo binti yake ameolewa na programu nayo imekubali. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na niliposoma hilo mikono yake ilisimama.

Baada ya kila moja Mzee Shabani aliuliza swali moja.

"Bado ni kweli?"

Nikisema hapana, sehemu hiyo tulishaibadilisha, alisema, "Basi futa." Nikisema bado ni kweli, alifikiri, kisha alisema nifute hivyohivyo, kwamba kama ni kweli watalijua wenyewe.

Jumapili ya nne nilifika kwenye ukurasa wa mwisho. Lilikuwa fungu lililokuwa chini kabisa ya faili la mwisho, aliloliandika siku aliyostaafu, nami miaka yote sikuwahi kushuka hadi huko. Nilisoma kwa sauti kabla macho yangu hayajatangulia: "Nimefika mwisho wa uwezo wangu. Yaliyobaki Skola anayajua."

Skola ndiye mimi. Katika miaka yote ile hakuwahi kunisifu mbele ya uso wangu.

Nililaza ukurasa kwenye mkeka. Akauliza kama kawaida, lakini polepole, "Bado ni kweli?"

"Hapana, Mzee. Nastaafu Ijumaa."

"Basi nayo futa. Usiwaachie vijana jina la mtu ambaye hayupo. Watalitafuta."

Ijumaa Neema aliniuliza kama ninataka kubonyeza mimi. Nilimwambia abonyeze yeye. Maelezo yote yalitoka mara moja, na programu ikawaka kama siku zote, ikaomba namba ya kadi, kana kwamba hakuna kilichopungua. Kwa upande wake hakikupungua. Nilikusanya kikombe changu na rula yangu, wakanifanyia sherehe ya soda, nikaondoka.

Mzee Shabani alifariki wiki sita baadaye, kabla ya mvua za kwanza. Nilipanda basi kutoka Nzega, nikachelewa mazishi, nikakuta wanaume wanarudi. Nilikaa na Bi Mwanaidi ndani pamoja na wanawake wengine. Wengi walipokwisha kuondoka alinishika mkono, akaniuliza kama zile karatasi bado ninazo. Nilimwambia ninazo, ziko Lusu, sikuweza kuzitupa.

Alisema kwamba kwa miaka ile yote mumewe alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, na akimuuliza amefanya nini anamwambia ametafuta nukta. Alidhani ni mzaha. Zile Jumapili nne ndiyo mara ya kwanza alimsikia akiwa kazini.

"Njoo nazo," alisema. "Unisomee tena tangu mwanzo. Mimi sitakwambia ufute kitu."

Jumapili hii nakwenda.